Sauti ya Delfina Rocabado

Kwa miaka ishirini na miwili Delfina Rocabado hakuhitaji kengele. Alikuwa akisimama mlangoni mwa darasa lake, mwisho wa korido yenye makabati ya bluu, anaita, "Vijana, ndani," na hata waliokuwa uwanja wa mpira wa kikapu wanaokota mabegi yao. Walimu wa Kimarekani waliokuja na kuondoka kila baada ya mwaka mmoja au miwili walimwonea wivu. Wao walikuwa na filimbi, kuhesabu hadi tatu na vyeti vya tabia njema. Yeye alikuwa na koo lake tu.

Shule ilikuwa ya Kimarekani, kaskazini mwa Cochabamba, mahali ambapo mji unaanza kupanda kuelekea mlima Tunari. Ilikuwa na mabasi ya njano, bendera mbili getini, na tai mkubwa aina ya kondori aliyechorwa ukutani mwa ukumbi wa michezo. Mwaka wake ulianza Agosti, wakati shule nyingine zote za Bolivia ziko katikati ya masomo. Watoto wa wenye viwanda walisoma pamoja na watoto wa wamisionari na wa maofisa wa mashirika, na karibu wote macho yao yalikuwa kwenye vyuo vya ng'ambo. Kiingereza kilitawala kuanzia getini hadi chooni, isipokuwa chumba cha Delfina. Yeye alifundisha historia ya Bolivia kwa Kihispania kwa kuwa wizara ilitaka hivyo, na watoto waliingia kwake kama watu wanaovua viatu vinavyobana.

Sauti yake ilikuwa pana, nzito, yenye mkwaruzo kidogo. Silabi ya mwisho aliivuta, kama wanavyoivuta watu wa bonde la juu. Alizaliwa Punata, mama yake akiuza matunda sokoni, na ingawa alikuwa amesoma chuo kikuu na kukaa mjini zaidi ya nusu ya maisha yake, sauti hiyo hakuibadilisha.

Agosti ile, wiki ya pili ya masomo, alikuwa akipita nyuma ya kibanda cha chakula wakati wa mapumziko aliposikia mtu akisema kwa nguvu, "Vijana, nchi si mzaha. Gonzalo, toa hicho kitu mdomoni." Alisimama. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, mkwaruzo na mvuto wake wote, na yeye hakuwa amefungua kinywa.

Alizunguka kibanda. Kundi la watoto lilikuwa likicheka hadi salteña, zile sambusa za kuoka, zinawamwagikia mchuzi kwenye mashati. Katikati yao alisimama Ryu Hae-won, binti wa Kikorea wa miaka kumi na sita, mwembamba, nywele amezikata usawa wa masikio. Baba yake aliagiza mashine za kushona. Alikuwa amefika Cochabamba miaka miwili kabla, bila neno hata moja la Kihispania.

Kicheko kilikatika.

"Unanicheza shere?" Delfina aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Hiki ndicho Kihispania ninachokijua."

Gonzalo Urquidi, ambaye hakukosekana penye vurugu, aliangua kicheko tena. Delfina akaona ni ujeuri juu ya ujeuri. Alimpa Hae-won adhabu ya kuja shuleni Jumamosi kupanga upya ramani zote za kabatini. Binti alikuja, akazipanga, akaaga kwa heshima na kwenda zake.

Septemba uvimbe uliokuwa shingoni mwa Delfina kwa miaka mingi ulianza kumbana pumzi. Bonde zima lina watu wenye rovu, naye alikuwa akilifunika kwa skafu na kusema litamzika. Dada yake mdogo, Nelly, aliyekuwa mjane na aliyeishi naye, akamburuta kwa daktari wa upasuaji. Upasuaji ulikwenda vizuri. Uvimbe ulitoka wote, na haukuwa wa kansa. Lakini Delfina alipozinduka akataka kuomba maji, ilitoka hewa tu.

Daktari alimweleza kwamba mshipa mmoja wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti ulikuwa umezungukwa na uvimbe, na wakati wa kuutoa ukavutwa. "Huenda ukaamka," alisema. "Miezi sita, labda mwaka. Na huenda usiamke. Siwezi kukudanganya."

Alirudi nyumbani akiwa na mnong'ono tu, ule wa mtu anayezungumza kanisani. Nelly, aliyekuwa mzito wa sikio moja, alimfuata jikoni akirudia, "Nini? Umesema nini?" hadi wote wawili wakachoka. Mwishowe Delfina akawa anagonga meza kwa kijiko: mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

Mkuu wa shule, Bwana Kessler, mtu wa Nebraska mwenye mikono mikubwa kama ya mkulima, alikuja kumwona akiwa amebeba keki aliyoioka mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kiti akazungumza Kihispania chake cha kukwamakwama.

"Mwalimu Delfina, pumzika hadi Januari. Hata Juni. Tutapata wa kushikilia darasa."

Alisema kwa moyo safi, na Delfina alijua hivyo. Lakini alipoondoka, Delfina aliitazama ile keki bila kuikata. Wa kushikilia darasa angekuja, angekuwa kijana mwenye sauti na kompyuta, na kufika Juni nani angekumbuka kwamba kuna mtu alikuwa akishikiliwa nafasi? Alimnong'oneza Nelly kwenye sikio zuri: "Narudi kazini."

"Utafundishia nini?" Nelly akamuuliza. "Kijiko?"

Alirudi mwanzoni mwa Novemba. Nelly alikuwa amemnunulia kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni, kama vile vya wauza sabuni wa soko la La Cancha. Daraja la kumi na moja lilikuwa la kwanza asubuhi hiyo. Walimpokea kwa makofi, na mmoja alikuwa ameandika ubaoni "Karibu" kwa chaki ya rangi. Kisha akawasha kipaza sauti, kikatoa mlio uliowafanya wote waweke mikono masikioni.

"Mwalimu, leo unatuuzia nini?" Gonzalo aliuliza, na darasa likacheka. Hata Delfina alitabasamu.

Lakini mnong'ono kwenye kipaza sauti ulikuwa kama upepo kwenye mabati. Hawakusikia kitu. Alikizima, akajaribu kuandika ubaoni, na kila alipowageuzia mgongo maongezi yalianza, kwanza ya chini, halafu ya kawaida, halafu ya mtaani. Hawakuwa wabaya. Walikuwa watoto, na chumba kilikuwa hakina mtu wa kukijaza. Alipiga makofi. Walinyamaza kidogo, wakaanza tena. Alipogeuka mara ya nne, chaki mkononi, alihisi machozi yanapanda na akajisemea moyoni kwamba Kessler alikuwa sahihi.

Ndipo Hae-won alipoinuka kutoka safu ya nyuma. Alipita kati ya madawati bila kuomba ruhusa, akasimama kando ya mwalimu wake na kuinamisha kichwa, sikio karibu na mdomo wa Delfina.

"Sema, mwalimu."

Delfina alimtazama. Alikumbuka kibanda cha chakula, na damu ikamchemka kidogo. Lakini hakuwa na njia nyingine. Akanong'ona, "Fungueni ukurasa wa themanini. Vita vya Chaco."

Hae-won akanyoosha mgongo. "Vijana," alisema, ingawa neno hilo hakuambiwa, "fungueni ukurasa wa themanini. Vita vya Chaco."

Ilikuwa ile sauti yenyewe. Iligonga ukuta wa nyuma ikarudi. Kulitokea kicheko kifupi cha mshtuko, kikafa chenyewe, na vitabu kumi na vinane vikafunguliwa kwa wakati mmoja. Gonzalo aliondoa miguu yake juu ya kiti cha mbele kabla hajaambiwa.

Walimaliza kipindi hivyo. Delfina alinong'ona sentensi, binti akaitoa. Alipokasirika kwa kunong'ona, hasira ilitoka. Alipotania, utani ulitoka mahali pake, na pale alipokuwa akinyamaza kidogo kabla ya neno kubwa, Hae-won naye alinyamaza kidogo. Kengele ilipolia, wengine walitoka, wao wawili wakabaki.

"Umejifunza lini?" Delfina alinong'ona.

"Tangu nilipofika." Sasa Hae-won alikuwa akisema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye haya. "Wengine wote walinisemesha Kiingereza kwa kunihurumia. Wewe hukunihurumia, mwalimu. Uliniuliza maswali kama wengine, nikikosa unasema, 'Kesho utajua.' Kwa hiyo nyumbani nilikuwa narudia ulichosema, vile vile ulivyosema. Nilijua kukisema kabla sijajua maana yake."

Delfina alivuta kiti akakaa. "Ile Jumamosi niliyokuleta kupanga ramani."

"Nusu nilistahili," Hae-won alisema. "Pale kibandani nilikuwa nawachekesha kweli."

Kuanzia siku hiyo, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, daraja la kumi na moja lilifundishwa na watu wawili wenye sauti moja. Kwa madarasa mengine Bwana Kessler alibadilisha ratiba ili Hae-won apate angalau vipindi viwili zaidi, na vilivyobaki Delfina aliviendesha kwa kazi za vikundi, akipita meza moja hadi nyingine na kunong'ona. Aligundua jambo ambalo hakulitegemea. Watoto waliinama kumsikiliza. Wale wa daraja la tisa, waliokuwa kama kundi la mbuzi, walianza kunyamazishana wenyewe.

Kulikuwa na ajali zake. Siku moja, katikati ya habari za migodi ya fedha ya Potosí, Delfina alimnong'oneza Hae-won faraghani kwamba Gonzalo alikuwa na mchuzi kidevuni. Hae-won, aliyekwishazoea kutoa kila kinachoingia, akatangaza kwa ile sauti ya kutikisa madirisha, "Gonzalo, jifute kidevu." Darasa lilianguka. Gonzalo alisimama, akajifuta kwa madaha, akainama kama mwigizaji.

Siku nyingine Delfina alimvuta mkono katikati ya sentensi. "Hilo sikulisema."

"Lakini ungelisema, mwalimu."

Delfina alifikiri. "Ningelisema," alikiri, na Hae-won akaendelea.

Alhamisi ya nne ya Novemba ilikuwa Siku ya Shukrani. Kwa Wamarekani wa shule hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu kubwa kuliko zote. Wazazi walialikwa, meza ndefu zilipangwa kwenye ukumbi wa michezo chini ya yule kondori, na bata mzinga walioletwa kutoka Santa Cruz hawakutosha kamwe, hivyo wapishi waliongeza kuku, nguruwe wa kuoka, viazi vilivyokaushwa, na pilipili ya kusagwa kila meza. Desturi ilikuwa kwamba mwalimu mwenyeji aliyekaa muda mrefu zaidi ndiye anayesema maneno ya shukrani kabla ya chakula. Kwa miaka minane mtu huyo alikuwa Delfina. Aliyasema kila mwaka vizuri na kwa kifupi, kama mtu anayemshika mtoto wa jirani wakati wa ubatizo. Ilikuwa sikukuu ya watu wengine, naye alikuja kwa heshima na kwa ajili ya viazi.

"Mwaka huu tunaweza kumwomba mwingine," Bwana Kessler alimwambia taratibu. "Usijitese."

Delfina alitikisa kichwa. Akamwonyesha kwa kidole Hae-won, aliyekuwa akifuta ubao.

Siku hiyo alimleta Nelly. Akamketisha meza ya mbele, sikio zuri likielekea jukwaani. Hakuwa amemweleza chochote kuhusu Hae-won zaidi ya kwamba kuna mwanafunzi anayemsaidia darasani. Si kwamba alimficha. Kuzungumza na Nelly nyumbani kulikuwa kazi, na mambo mengi yaliishia kwenye kijiko.

Ukumbi ulijaa. Delfina alipanda, Hae-won kando yake amevaa sare iliyopigwa pasi. Delfina alinong'ona, na sauti ikatoka.

"Namshukuru daktari aliyenikata shingo akaniachia pumzi," ilisema. "Namshukuru Bwana Kessler aliyeniambia nipumzike, na naushukuru ukaidi wangu uliokataa kumsikia."

Watu walicheka. Kessler alicheka kuliko wote, uso umemwiva.

"Nawashukuru daraja la kumi na moja, ambao wamejifunza kunyamaza. Somo hilo nililifundisha miaka ishirini na miwili kwa kupiga kelele."

Wakacheka tena, wakapiga makofi. Delfina alikuwa akitaka kuendelea alipomwona dada yake. Nelly alikuwa amesimama peke yake katikati ya watu walioketi. Mkono wake mmoja ulikuwa mdomoni, mwingine umeshika meza. Hakuwa akimtazama Delfina. Alikuwa akimtazama binti wa Kikorea.

Delfina alisahau alichotaka kusema. Hae-won alisubiri, kichwa ameinamisha. Ukumbi ukasubiri.

"Basi," Delfina alinong'ona mwishowe. "Waambie wale chakula."

"Basi," Hae-won alisema. "Kuleni, kuleni, chakula kinapoa."

Akaivuta silabi ya mwisho. Nelly akalia kwa sauti, mbele ya wageni wote, kama mtu aliyepigiwa hodi na mtu wake wa siku nyingi.

Delfina aliteremka upesi akamshika. Nelly alimkamata mabega. "Huyu mtoto amemjua wapi mama?"

"Hakumjua. Amejifunza kwangu."

"Huyo ni mama, Delfina. Ni mama anatuita tule. Wewe ulikuwa na sauti yake muda wote huu, mimi nimekaa nayo nyumba moja, nikawa nakusikia wewe tu."

Mama yao, Saturnina, alikuwa amefariki miaka tisa nyuma. Hakuna aliyemrekodi hata siku moja. Picha walikuwa nazo, shali lake, mizani yake ya kupimia matunda. Delfina alikuwa ameomboleza sauti aliyoipoteza Septemba kama kitu chake mwenyewe, kilichomtoka bure. Sasa alisimama katikati ya harufu ya nyama ya kuoka na kuelewa kwamba hata yeye alikuwa amepewa na mama yake, na bila kujua alikuwa ameipitisha mbele, akidhani anafundisha Vita vya Chaco. Aliketi. Mtu alimwekea sahani, akala kila kilichokuwamo, na kwa mara ya kwanza hakujiona mgeni kwenye karamu hiyo.

Nelly alimkalisha Hae-won kati yao. "Sema tena kitu," alimwomba.

"Niseme nini, mama?"

"Chochote. Nigombeze."

Hae-won alimtazama mwalimu wake, akapewa ruhusa kwa jicho. "Nelly, mikono umenawa?" alisema. Nelly akacheka huku machozi yanamtoka, akaificha mikono chini ya meza.

Desemba shule ilipofunga, dada hao wawili walimchukua Hae-won kwenda Punata, Jumanne, siku ya soko. Pichesi za kwanza zilikuwa zimetoka. Walipita kati ya mafungu wakiwa na vikapu, na Nelly akamwambia Hae-won aulize bei kwa ile sauti. Muuzaji mmoja mzee, Casta, aliyekuwa ameketi jirani na Saturnina kwa miaka thelathini, alikuwa ameinama akichagua matunda yaliyopondeka.

"Mteja wako amefika, Casta. Hizi unauza au unazionyesha tu?" Hae-won aliuliza, kama Nelly alivyomfundisha.

"Nauza, Saturnina, usinianze asubuhi yote hii," bibi yule alijibu bila kuinua kichwa. Kisha mikono yake ikasimama. Akainuka polepole, akamwona binti mwenye nywele fupi akimtazama kwa haya, na nyuma yake mabinti wawili wa rafiki yake.

Alimshika Hae-won kidevu, akamgeuza huku na huku. "Umenishtua, binti," alisema. Akampimia kilo, akaongeza nyongeza, akaongeza nyongeza juu ya nyongeza, na walipotaka kumlipa, akakunja ngumi, hataki.

Mwezi wa Machi mshipa ulianza kuamka. Delfina alikuwa amefanya mazoezi kila asubuhi, akipuliza mapovu kwa mrija kwenye kikombe cha maji huku Nelly akimcheka, na siku moja kikatoka kitu kilichokuwa zaidi ya hewa. Haikuwa sauti ya zamani. Ilikuwa ya chini, nyembamba, yenye vumbi. Ilitosha chumba kimoja, ikiwa chumba chenyewe kimekubali. Kufika Mei, Hae-won alirudi kukaa safu ya nyuma, karibu na Gonzalo, na Delfina alifundisha peke yake. Mkataba wake Kessler aliusaini bila hata kuutaja. Delfina alipomshukuru, Kessler alimtazama kwa mshangao na kumuuliza alidhani wangempata wapi mwingine.

Hae-won alimaliza shule mwaka uliofuata. Wazazi wake walimtaka Seoul, shule ilimtafutia nafasi Texas, naye akachagua Sucre, kusomea sheria, kwa Kihispania. Baba yake alikuja kwa Delfina kulalamika, akanywa chai, akaishia kumshukuru. Alisema binti yake alikuwa akinyamaza miaka mingi, hata kwa Kikorea.

Daktari alimwambia Delfina kwamba upo upasuaji mwingine, mdogo, ambao huenda ungeurudisha ukubwa wa sauti yake. Alikwenda nyumbani akalifikiria jambo hilo wiki nzima, kisha akapiga simu kukataa. Nelly alimuuliza kama haikumbuki ile ya zamani.

"Naikumbuka nikiita teksi," Delfina alisema kwa ile sauti yake ya vumbi, na Nelly akainama kumsikia. "Kwa mengine yote, hii inanitosha."